Daftari la Makosa Mia Moja na Kumi na Saba

Waliosoma Jumamosi iliyopita waliniacha ndani ya bwawa la hoteli, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umeinua daftari juu ya kichwa lisilowe. Daftari lilipona. Mimi nililowa mpaka soksi.

Kwa aliyejiunga leo, mambo ni machache. Mimi ni fundi saa. Kazi sikufundishwa na mtu: nikiwa na miaka kumi na minne niliifungua saa ya ukutani ya baba, na ilinichukua miaka miwili kuifunga. Nina marafiki wawili. Mmoja ni Msusi, mwenye saluni iliyo mkabala na kibanda changu, mwanamke ambaye ukimwambia haiwezekani anauliza saa ngapi tuanze. Mwingine ni fundi wa matairi tunayemwita Tarumbeta, kwa sababu akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia.

Kwa miaka sita sisi watatu tumekuwa wagonjwa wa tamthilia moja, Mlango wa Nyuma. Ukoo wa matajiri, wosia uliofungiwa kwenye droo, ufunguo mdogo wa shaba unaopotea na kurudi, na Mama Mkwe mwenye roho ya jiwe. Vipindi mia mbili na kumi na viwili. Sijakosa hata kimoja, na kila kimoja nimekifuatilia na kalamu mkononi.

Sikuwa naandika hadithi. Nilikuwa naandika makosa. Kikombe kiko kulia kwa Mama Mkwe. Kamera ikigeuka, kiko kushoto. Sanamu ya tembo imetazama dirisha. Sekunde mbili baadaye imetazama mlango. Nilikuwa nimefikisha makosa mia moja na kumi na saba, kila moja na tarehe yake, na chini ya kila moja nimeandika kwa herufi ndogo: *Huenda kuna sababu.* Sipendi kumhukumu mtu nisiyemjua.

Tamthilia ilikuwa inaelekea mwisho, ndipo tukakubaliana Jumamosi moja tuzunguke mahali ilipopigwa picha. Kwenye ngazi za hospitali tulifukuzwa na muuguzi wa kweli, maana Tarumbeta alilia pale alipofia Bwana Mdogo mpaka wagonjwa wakaanza kumpa pole. Hotelini nilitaka kusimama mahali hasa aliposimama bibi harusi alipoikataa pete. Nilipima kwa hatua. Nilikosea hatua moja.

"Bwana wee," Tarumbeta alisema akinivuta kwa kola, "hiyo hatua ya mwisho bibi harusi hakuipiga!"

Akanipa ovaroli yake ya kazini iliyokuwa kwenye buti la gari. Yeye ni mtu wa kilo mia na kitu. Mimi nikiingia mwenyewe, ndani kunabaki nafasi ya mgeni.

Nikahamishia mifuko ya ovaroli vitu vyangu vyote: daftari, kalamu na funguo kumi za shaba za saa za wateja. Funguo hizo siziachi kibandani hata siku moja. Kila mmoja nilikuwa nimeufunga kikaratasi chenye jina la mwenye saa. Sasa nilikuwa na funguo kumi mfuko mmoja, na vikaratasi kumi vinaelea bwawani.

"Twende nyumbani," nilisema, kwa hii sauti yangu ndogo ambayo watu huwa hawaisikii.

"Umesemaje?" Msusi alisema, ingawa alinisikia. "Twende kwa Shangazi!"

* * *

Sasa ndiyo hadithi yenyewe.

Jumba la Mama Mkwe, lile lenye lango jeusi na ngazi pana, lipo kweli. Mwenye jumba yuko nje ya nchi, amewapangisha watengenezaji wa tamthilia. Na mtunza nyumba, aliyekaa humo miaka kumi na mmoja, ni shangazi yake Msusi, mama mfupi mwenye kitambaa cha kufutia begani kama askari mwenye bunduki.

Alitufungulia mlango wa jikoni.

"Wapigapicha waliondoka jana, wanarudi Jumatatu," alisema. "Nawapa nusu saa, kwa sababu ya huyu mtoto wa kaka yangu aliyenisumbua mwezi mzima. Lakini sikilizeni, wanangu. Mkataba wangu una mstari mmoja mwekundu: mtu akiingia sebuleni bila ruhusa yao, siku hiyohiyo nafungasha. Na mimi nikifungasha hapa sina pa kupeleka mizigo. Chumba changu ni kile cha nyuma ya jiko. Sina kingine."

"Basi tusiingie, Shangazi," nilisema.

"Anasemaje?"

"Anasema asante!" alisema Msusi.

"Mtaingia, mtatazama, mtatoka. Mikono mifukoni. Hata mimi siruhusiwi kugusa kitu humo. Hata vumbi. Waliniambia vumbi lao ni lao, wana mtu wao wa kulifuta."

Akainua utepe mwekundu uliokatiza mlango, tukapita chini yake.

Jamani. Nilisimama katikati ya sebule ya Mama Mkwe. Zulia lilelile. Meza ya wosia ileile. Bakuli la buluu ambamo ufunguo hulala. Kila kitu kinang'aa, shaba inawaka kama dhahabu, na hewa ina harufu kidogo ya ndimu. Nikajiambia, huyo mtu wao wa vumbi anaijua kazi.

Kisha nikatoa mkono mfukoni, kwa kalamu tu, nikafungua daftari ukurasa wa mwisho.

Maana chumba kilikuwa kimekosewa.

Katika kipindi cha Jumatano, mto wa kijani ulikuwa kulia kwa kochi. Hapa uko sakafuni. Kiti cha Mama Mkwe kimegeuzwa ukutani. Glasi mbili, moja imelala. Pazia la kushoto limefungwa nusu. Picha ya Marehemu imepinda. Tembo amekalia gazeti. Na la saba, ambalo sikuliamini: ufunguo wa shaba haumo kwenye bakuli. Umo ndani ya ndara ya Mama Mkwe, mvunguni mwa kochi, kwenye kidole gumba.

Nikayaandika yote saba, kuanzia kosa la mia moja na kumi na nane. Huenda kuna sababu, nikaandika.

Wakati huo Tarumbeta alikuwa amepiga goti mbele ya kochi.

"Mama!" alinguruma kwa maneno ya Bwana Mdogo. "Kama damu yangu si damu yako, niambie ni ya nani!"

"Ni ya mpishi!" alijibu Msusi, shingo juu, ameshika fimbo ya hewani. "Toka nyumbani kwangu, na viatu uviache!"

Wakaanguka kwa kicheko juu ya zulia. Shangazi akawa anawafukuza kwa kitambaa, naye anacheka machozi. Nami nilicheka, jinsi ninavyocheka mimi, mabega tu. Sikumbuki lini tulikuwa na furaha namna ile.

Honi ikalia langoni.

Shangazi alichungulia dirishani, akageuka uso umesawijika. "Ni wao! Magari matatu! Rudisheni kila kitu kama kilivyokuwa!"

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Nataka mlijue vizuri kabla hamjanihurumia.

Nilikuwa na orodha mkononi ya chumba kilivyokuwa. Lakini nilikuwa na miaka sita kichwani ya chumba kinavyotakiwa kuwa. Nikatazama orodha, nikaona makosa saba. Nikajisemea: watu hawa wana haraka, wamejisahau, ngoja niwasaidie.

"Nakijua chumba hiki," niliwaambia wenzangu. "Niachieni."

Nilirudisha mto kulia. Kiti nikakigeuza. Glasi nikaisimamisha. Pazia, picha, tembo. Kwa mpangilio, bila kukimbia, kila kitu mahali pake pa Jumatano. Nikainama, nikatoa ufunguo kwenye ndara, na kabla sijaufikisha kwenye bakuli Msusi alinivuta ovaroli kwa nyuma. Tukatoka chini ya utepe kama panya watatu.

* * *

Tulikaa jikoni, vikombe vya chai mikononi, kama wageni wa halali wa Shangazi. Jikoni hakukatazwa mtu.

Nje wakawasha jenereta. Lilinguruma hivi kwamba vijiko vilitetemeka kwenye sahani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Mkwe.

Mwenyewe. Mwigizaji, lakini ndani ya lile gauni jeusi. Tarumbeta alisimama akamwaga chai.

"Samahanini, wapenzi," alisema yule mama kwa sauti laini, "kuna maji ya moto? Koo langu lilikauka jana katikati ya tukio, tukaacha kila kitu kilivyo. Imebidi tumalize leo, maana jioni napanda ndege na sirudi miezi mitatu."

Yale maneno yalinipita masikioni mara ya kwanza. Wakati wote nilikuwa namtazama mdomoni, namna anavyotabasamu, kitu ambacho katika vipindi mia mbili na kumi na viwili sijakiona.

Msusi hakuduwaa. "Mama, sahihi! Tafadhali! Naomba sahihi!"

"Karatasi iko wapi?"

Nikasikia *charr*. Msusi alikuwa amechana ukurasa wa mwisho wa daftari langu.

Mama Mkwe akatia sahihi kwa kalamu nene ya wino, kubwa, yenye mikia. Msusi akaikunja na kuitia kifuani, pale ambapo mwanamke hutia kitu asichotaka kuona kinapotea.

Ndipo yale maneno yakanirudia. *Katikati ya tukio. Tukaacha kila kitu kilivyo.*

Hayakuwa makosa. Mto sakafuni, kiti kimegeuzwa, glasi imelala: kulikuwa na ugomvi. Ugomvi wa kipindi ambacho hakijaoneshwa. Chumba kilikuwa kimesimama katikati ya tendo kama saa iliyozuiwa kwa kidole, nami nimekirudisha nyuma.

Kabla sijaweka kikombe chini, ukelele ukatoka sebuleni.

* * *

Aliyepiga ukelele ni mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Wenzake walimwita Bi. Kumbukumbu. Kazi yake ni kuhakikisha kila kitu kinabaki mahali pake kutoka picha hadi picha.

"Si hivi! Tulivyokiacha jana si hivi!"

"Picha zako ziko wapi?" aliuliza Mwongozaji, bwana mwenye kofia na haraka.

"Kwenye simu, na simu imezima, imegoma kuwaka tangu asubuhi!"

"Tena! Miaka sita, dada yangu! Kila wiki watazamaji wananiandikia: kikombe kimehama, tembo amegeuka. Mbuzi angekumbuka zaidi!"

Nami kule mlangoni nikasikia kitu kikinichoma. Kumbe ndiye yeye. Miaka sita nilikuwa namwandika mtu huyu bila kumjua.

Mwongozaji akageukia mlango. "Shangazi! Nani ameingia humu?"

Shangazi alisimama, kitambaa begani.

"Mkataba unasema nini?"

"Unasema nifungashe," alisema.

"Basi."

Ilibidi niseme. Nikajongea mbele, nimeshika ovaroli isidondoke.

"Ni mimi," nilisema.

Jenereta lilinguruma. Mwongozaji alikuwa anaendelea kusema.

"Bwana, ni mimi niliyegusa."

"Huyu fundi bomba ametoka wapi?" aliuliza mtu wa taa. "Sogea, kaka, unaziba waya."

"Mimi ndiye. Shangazi hana kosa."

Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimekiri mara tatu, na ushahidi pekee ulikuwa kwamba midomo yangu imecheza.

"ANASEMA NI YEYE!" alipaza sauti Tarumbeta nyuma yangu. "NI YEYE ALIYEGUSA, NA SISI TULIKUWEPO, NA SHANGAZI HANA KOSA!"

Mtu wa taa alidondosha taa.

Macho yote yakawa kwangu. Nikazungumza, naye Tarumbeta akawa anarudia kila neno kwa sauti yake, kama mkalimani wa mtu na ulimwengu. Nikaeleza yote. Niliposema kwamba niliandika chumba kilivyokuwa kabla sijakigusa, Bi. Kumbukumbu alinishika mkono.

"Umeandika?"

"Kila kitu. Ukurasa wa mwisho."

Akanipokonya daftari, akalifungua mwisho, akakuta meno ya karatasi iliyochanwa.

Nikamtazama Msusi. Msusi akatazama dari.

"Msusi," nilisema.

"Fundi, ni sahihi ya *Mama Mkwe*!"

"Msusi. Ni chumba cha shangazi yako."

Akaitoa kifuani, polepole, kama anayetoa ini lake. Upande mmoja sahihi. Upande wa pili orodha yangu, makosa yote saba.

Laiti mngeona jinsi tulivyofanya kazi. Nilisoma, Tarumbeta akatangaza, Mwongozaji mwenyewe akabeba. Mto sakafuni. Hapana, kona ikitazama dirisha. Kiti kigeuzwe ukutani. Glasi ilale, mdomo kwa mlango. Pazia. Picha. Tembo juu ya gazeti. Kwa kila kimoja mwigizaji alikuwa anapiga makofi akisema, "Ndiyo! Ndiyo hivyo! Nakumbuka!" Hata mtu wa taa alianza kutabasamu. Shangazi akarudiwa na rangi usoni.

Pembeni, Bi. Kumbukumbu alikuwa amekaa chini na daftari langu, anasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"La saba?" aliuliza Mwongozaji.

Nikatazama. Wino wa ile sahihi ulikuwa umepenya karatasi. Mkia mmoja mnene ulikuwa umelalia mstari wa saba mwanzo hadi mwisho.

"Halisomeki," nilisema.

"HALISOMEKI!"

"Fikiri, bwana! Ni kitu gani?"

Msishangae. Yale sita nilikuwa nayasoma, siyakumbuki. Mimi kichwani nina chumba cha Jumatano tu. Nikafumba macho, na kama Shangazi alivyotuagiza, nikatia mikono mifukoni.

Vidole vikagusa shaba.

Ufunguo. Sikuwahi kuufikisha kwenye bakuli. Nilikuwa nao mfukoni wakati wote nakunywa chai.

"Tazameni!" alisema mtu wa taa wakati huohuo. "Ufunguo haumo kwenye bakuli wala popote. Hawa hawakugusa tu. Wameiba!"

Mwongozaji akavua kofia. "Kama umeibwa, Shangazi, sitakuambia ufungashe. Nitaita polisi."

Ningeweza kuudondosha kwenye zulia. Tarumbeta angeuona, angetangaza, tungeshangilia. Lilipita kichwani, sitawaficha. Kisha nikamtazama Shangazi, nikatoa mkono mfukoni mbele ya watu wote, nikaufungua.

Funguo kumi na moja za shaba.

Jenereta likaendelea kunguruma.

"Huyu mtu," alisema mtu wa taa, "ameiba tangu tamthilia inaanza."

"Ni fundi saa!" alifoka Msusi. "Ni funguo za saa! Za wateja! Alianguka bwawani!"

"Bwawani?"

"Usiulize! Ni habari ya wiki nyingine!"

Mama Mkwe aliketi kwenye mkono wa kochi akacheka mpaka akashika koo. Mwongozaji hakucheka. "Jana niliupiga picha kwa karibu kabisa, umejaza kioo chote. Nataka uleule. Upi?"

Nikazipanga mezani. Hapa nilikuwa kwenye kazi yangu. Wenye tundu la mraba pana, wa saa ya mwalimu. Wenye bawa lililopinda, wa saa ya kanisa. Nikatenga mmoja mmoja mpaka tisa. Zikabaki mbili zinazofanana kama mapacha.

"Jaribu kwenye droo," nilisema.

"Droo ni ya kuchorwa tu," alisema Mwongozaji. "Haina tundu."

Miaka sita. Wosia wote ule. Tarumbeta alishika kichwa.

Nikainua funguo mbili puani, kama ninavyofanya nikitaka kujua saa imetiwa mafuta gani. "Huu unanuka mafuta ya saa," nilisema. "Huu unanuka ndimu. Sijui ndimu inatoka wapi."

"NDIMU!" alisema Tarumbeta. "HAJUI INATOKA WAPI!"

Mtu wa taa akanusa, akainua mabega.

Nikasikia mtu akivuta pumzi nyuma ya kochi.

"Ni huo wa ndimu," alisema Shangazi.

"Umejuaje?"

Alikuwa amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Shaba nasugua kwa ndimu na chumvi. Ndivyo mama alivyonifundisha."

"Unasugua lini?"

"Kila asubuhi mkija kupiga picha, kabla hamjafika. Na mchana mkienda kula." Sauti yake ilikuwa inapungua. "Leo pia, alfajiri, ingawa sikuwatarajia. Kikombe nakiinua, nafuta chini yake, nakirudisha. Tembo, vilevile. Mwanangu, mimi siwezi kulala nyumba moja na vumbi. Nilijaribu. Siwezi."

Nikamwambia Mwongozaji nilikoutoa, akauchukua ufunguo, akauweka mwenyewe ndani ya ndara, kwenye kidole gumba. Mama Mkwe akaitikia kwa kichwa. Chumba kilikuwa kimekamilika. Kwa dakika nzima nilidhani tumepona.

Ndipo Bi. Kumbukumbu akasimama na daftari langu.

Macho yake mekundu. Sikujua kama alikuwa amelia au amecheka.

"Miaka sita," alisema, "naitwa kipofu. Nilikwenda kupima macho mara tatu. Nilinunua miwani ya pili. Nikilala naota vikombe." Akageuza kurasa. "Na huyu kaka ameandika yote. Kikombe. Tembo. Kikombe. Bakuli. Kila kosa na tarehe yake. Na chini yake: huenda kuna sababu."

Akanitazama, kisha akamtazama Shangazi, kitambaa mkononi. Nami nikatazama alipotazama.

Sababu yangu ilikuwa imesimama pale, fupi, na aproni ya maua.

"Mimi sikujua," Shangazi alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani narudisha palepale."

"Bwana mkubwa," Bi. Kumbukumbu alimwambia Mwongozaji, "umesema Jumatatu ofisi inakaa kuamua kama nibaki. Nataka ofisi ijue si mimi. Nina haki hiyo au sina?"

Mwongozaji alivaa kofia yake taratibu, akanigeukia. Safari hii alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele zake.

"Fundi. Wewe nakuamini, maana umekiri hata pale ambapo hakuna aliyekuuliza. Kuna makosa ya nje, ya hotelini, ya hospitali, hayo Shangazi hayamhusu. Kama ya sebule hii ni machache, ni bahati mbaya, nitafumba macho, abaki chumbani kwake. Kama ni mengi, siwezi. Niambie. Kati ya hayo mia moja na kumi na saba, mangapi ni ya sebule hii?"

Bi. Kumbukumbu alilikumbatia daftari kifuani. Shangazi alitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

Msusi alinishika kiwiko. "Fundi," alinong'ona. "Kaka. Tafadhali."

Nilikuwa naijua hesabu. Nilikuwa nimeijumlisha usiku wa kuamkia safari ile, mara mbili, kwa raha tu. Ya nje yalikuwa manane.

Nikafungua mdomo. Na uani, mtu akazima jenereta.

Kwa mara ya kwanza siku ile, ningesikika hata mimi.